Kitako Kinachoteleza na Sheria ya 1934

Juni 14, 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu yenye michoro. Jaji Clarence Thomas, aliyeiandika kwa niaba ya majaji sita, aliweka ndani yake picha za utumbo wa bunduki ya AR-15, hatua kwa hatua: kidole kinavuta kifyatulio, nyundo inaachiwa, inagonga pini, risasi inatoka, nyundo inarudishwa nyuma na kunaswa tena. Swali lililowalazimu majaji kujifunza kazi ya fundi bunduki lilikuwa hili: bunduki ya kawaida ikifungwa kitako cha plastiki kinachoteleza mbele na nyuma, kile ambacho wauzaji wa silaha hukiita bampu-stoki, je, imegeuka kuwa rashasha?

Majaji sita walisema hapana, watatu wakasema ndiyo. Kwa kura hizo ikafa kanuni iliyokuwa imedumu zaidi ya miaka mitano, kanuni iliyowaamuru wenye vitako hivyo waviharibu au wavisalimishe. Kwa makadirio ya serikali yenyewe, vilikuwa mikononi mwa watu kati ya 280,000 na 520,000.

Nje ya Marekani wengi waliipokea hukumu ile kama sura nyingine ya mabishano ya siku zote kuhusu haki ya raia kumiliki bunduki. Lakini Marekebisho ya Pili ya Katiba, kifungu ambacho mabishano hayo hukizunguka, hayakuamua chochote katika kesi hii. Hoja iliyofika mbele ya majaji ilikuwa kwamba ofisi ya serikali haina mamlaka ya kuipa maana mpya sheria iliyotungwa na Bunge, kisha kumpeleka mtu jela kwa maana hiyo. Anayetaka kuelewa kwa nini udhibiti wa silaha Marekani hujengwa leo na kubomolewa kesho aifuate hoja hiyo tangu mwanzo wake.

Februari 14, 1929, jijini Chicago, wanaume saba waliohusishwa na genge moja la wauza pombe ya magendo walipangwa ukutani ndani ya gereji na kumiminiwa risasi za bunduki za Thompson. Mauaji kama hayo ndiyo yaliyompa Homer Cummings, Mwanasheria Mkuu wa Rais Franklin Roosevelt, nguvu ya kupeleka Bungeni muswada wa silaha mwaka 1934. Rasimu ya kwanza ilisema rashasha ni silaha inayoweza kutoa risasi 12 au zaidi bila kupakiwa upya. Karl Frederick, rais wa chama cha wamiliki wa bunduki cha NRA na bingwa wa Olimpiki wa kulenga shabaha wa mwaka 1920, aliiambia kamati ya Bunge kwamba kipimo hicho si sahihi. Alama ya rashasha, alieleza, ni kwamba ukivuta kifyatulio mara moja tu, bunduki inaendelea kutoa risasi. Kamati ikakubali, na sheria ikaandikwa kwamba rashasha ni silaha inayotoa zaidi ya risasi moja, bila kupakiwa kwa mkono, kwa tendo moja la kifyatulio. Kipimo kilichokuja kubishaniwa miaka 90 baadaye kilitoka, kwa sehemu kubwa, kinywani mwa kiongozi wa wapenda bunduki.

Sheria ile haikupiga marufuku rashasha. Ilidai zisajiliwe na kuzitoza kodi ya dola 200, fedha iliyokaribia bei ya Thompson yenyewe. Bastola za kawaida, zilizokuwamo katika rasimu ya awali, ziliondolewa.

Mwaka 1968 mambo mawili yalitokea kwa kufuatana. Januari, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Haynes kwamba mtu hawezi kuadhibiwa kwa kutosajili silaha ambayo kuisajili kungekuwa sawa na kujishtaki mwenyewe. Oktoba, baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy kuuawa, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria mpya iliyoziba pengo hilo na kuandika upya tafsiri ya rashasha. Tafsiri iliyobaki ina masharti mawili: silaha itoe risasi nyingi yenyewe, na kwa tendo moja la kifyatulio. Tangu hapo Bunge limeigusa tafsiri hiyo kidogo sana.

Katikati ya hayo kuna sheria nyingine ambayo haitaji bunduki hata mara moja, nayo ndiyo uti wa mgongo wa simulizi hili. Ni Sheria ya Taratibu za Utawala ya mwaka 1946, iliyosainiwa na Rais Harry Truman baada ya serikali kutanuka kwa kasi katika miaka ya Roosevelt. Inasema kwamba idara ikitaka kutunga au kubadili kanuni itangaze rasimu katika gazeti rasmi la serikali, ipokee maoni ya wananchi, iyapime, na itoe sababu za uamuzi wake. Anayeona ameonewa aende mahakamani, na mahakama inaweza kuifuta kanuni iliyovuka mipaka ya sheria mama au iliyotungwa bila kufuata hatua hizo. Kwa silaha, mwaka 1986 Bunge liliongeza ukali: kanuni ziwe zile tu zinazohitajika, tangazo lisipungue siku 90, na wenye maslahi wapewe nafasi ya kusikilizwa. Sheria hiyohiyo ya 1986, iliyosainiwa na Rais Ronald Reagan Mei 19, ndiyo iliyokataza raia kumiliki rashasha yoyote isiyokuwa imesajiliwa kihalali kufikia siku hiyo. Kuanzia hapo, kukiita kifaa rashasha hakukumaanisha tena kukitoza kodi. Kulimaanisha kukipiga marufuku, na adhabu ikafika miaka 10 jela.

Anayeamua kifaa kipi ni rashasha na kipi siyo ni idara ya shirikisho inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi, maarufu kama ATF. Kwa miongo mingi imefanya kazi hiyo kwa barua. Mbunifu anapeleka sampuli, mafundi wa idara wanaipima, anajibiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Bill Akins alipeleka kitako chenye springi iliyoirudisha bunduki mbele kila ilipopiga teke, kidole kikaguswa tena na kifyatulio, risasi ikatoka. Idara ikasema si rashasha. Akaanza kuuza. Mwaka 2006 idara ikageuka na kusema ni rashasha. Akins akashtaki, akashindwa katika mahakama ya rufaa mwaka 2009. Kisha ikaja kampuni ya Slide Fire ya Texas na kitako kisicho na springi. Hapa mpigaji mwenyewe anaisukuma bunduki mbele kwa mkono wa pili huku kidole kimetulia mahali pake, na teke la bunduki linafanya yaliyobaki. Mwaka 2010 idara ilijibu kwamba kwa kuwa hakuna springi, kitako hicho ni kipuri tu. Kati ya 2008 na 2017 ilitoa barua 10 za namna hiyo. Waliokinunua walinunua kifaa ambacho serikali yao imewaandikia kwamba ni halali.

Usiku wa Oktoba 1, 2017, mtu mmoja aliyekuwa ghorofa ya 32 ya hoteli ya Mandalay Bay, Las Vegas, alifyatulia umati uliokuwa kwenye tamasha la muziki upande wa pili wa barabara. Kwa muda wa dakika kama 10 alipiga zaidi ya risasi 1,000. Watu 58 walitajwa kuuawa usiku ule. Wengine wawili walikufa miaka iliyofuata kwa majeraha yao, na mamia walijeruhiwa kwa risasi wakapona. Bunduki zake nyingi zilikuwa na vitako vya kuteleza. Bunduki ya aina ile yenye kitako hicho inaweza kutoa risasi kati ya 400 na 800 kwa dakika. Waliokuwa pale chini hawakuwa na namna ya kujua kama kifyatulio kilikuwa kinatenda mara moja au mara mia, na mimi sioni kwa nini tofauti hiyo ingekuwa na uzito wowote kwao.

Siku nne baadaye NRA ilitoa tamko lililowashangaza wengi: kiliitaka ATF ipitie upya uhalali wa vifaa hivyo, kwani vinastahili udhibiti zaidi. Ilionekana kama chama kimelainika. Lakini tazama kilichoombwa. Kiliombwa kwa idara, hakikuombwa Bungeni. Mbunge asiyetaka kupiga kura juu ya bunduki alipata pa kujificha, na wengi walijificha.

Seneta Dianne Feinstein wa California, aliyewahi kuongoza vita vya kupiga marufuku bunduki za kivita mwaka 1994, alikataa njia hiyo. Alileta muswada wake na kuonya kwamba ATF, ambayo imekiri mara kwa mara kuwa haina mamlaka juu ya vitako hivyo, ikijaribu kuvikataza kwa kanuni itakwama mahakamani kwa miaka. Muswada wake haukufika mbali. Februari 2018, siku chache baada ya watu 17 kuuawa katika shule ya Parkland, Florida, Rais Donald Trump alimwandikia Mwanasheria Mkuu Jeff Sessions aandae kanuni ya kuvipiga marufuku. Mwezi huohuo, mbele ya kamera, aliwaambia wabunge wasijisumbue na suala hilo kwa kuwa angeliondoa yeye.

Rasimu ilitangazwa Machi 29, 2018. Maoni zaidi ya 186,000 yakamiminika. Desemba 18 kanuni ikasainiwa, na Machi 26, 2019 ikaanza kufanya kazi. Ndani yake idara ilisema kwamba tendo moja la kifyatulio maana yake ni mvuto mmoja wa kidole na miendo inayofanana nao. Neno la sheria halikubadilishwa hata herufi moja. Kilichobadilika ni jinsi idara inavyolisoma, na kwa usomaji huo mpya mamia ya maelfu ya watu wakapewa siku 90 za kuachana na mali yao au wawe wahalifu. Hakuna aliyefidiwa.

Kesi zilifunguliwa upesi, na ukizisoma kwa pamoja utaona jinsi kanuni moja inavyoweza kushambuliwa kila upande. Walalamikaji mjini Washington walisema hawakupewa siku 90 kamili, kwa sababu tovuti ya serikali ya kupokea maoni ilionyesha mwanzoni kwamba muda umekwisha. Walisema waliomba kikao cha kusikilizwa wakanyimwa. Walisema hata saini iliyo chini ya kanuni ni batili, kwa kuwa Matthew Whitaker, aliyeitia, alikuwa akikaimu nafasi ya Mwanasheria Mkuu bila kuthibitishwa na Seneti. Hoja hiyo ya mwisho iliikera serikali kiasi kwamba William Barr, alipothibitishwa, aliisaini upya kanuni ileile Machi 2019. Hoja za taratibu zilikataliwa. Iliyobaki ni hoja ya mamlaka.

Hapo likaingia fundisho la Chevron. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ilikuwa imesema kwamba sheria ikiwa na utata, majaji waikubali tafsiri ya idara inayoisimamia, mradi tafsiri hiyo ina mantiki. Mahakama ya rufaa ya Washington ililitumia fundisho hilo kuiokoa kanuni ya vitako, ingawa serikali yenyewe ilisema wazi kwamba haikuwa ikiliomba. Machi 2020 Jaji Neil Gorsuch aliandika maoni makali: idara iliyosema jana kwamba jambo ni halali na leo kwamba ni jinai haistahili kuaminiwa tu kwa sababu ni idara. Raia atajuaje sheria, kama maana yake hubadilika kila utawala ukibadilika?

Naam, ni swali zuri, na wanaotaka bunduki zidhibitiwe hawana budi kulijibu bila kukasirika. Mimi naamini kitako kile hakikustahili kuuzwa dukani hata siku moja. Lakini barua 10 za serikali si jambo la kupuuza. Mtu aliyetii sheria kwa miaka minane, akiwa na barua ya idara inayomwambia yuko salama, ana haki ya kuuliza ni nani aliyemgeuza mhalifu na kwa kura ya nani. Jibu la kweli lilikuwa kwamba hakuna aliyepiga kura.

Mahakama za rufaa ziligawanyika vibaya. Washington na Denver ziliilinda kanuni. Huko Cincinnati majaji 16 walikaa pamoja wakagawanyika nane kwa nane, Desemba 2021, na uamuzi wa chini ulioiunga mkono serikali ukabaki. Texas ndiko ilikoanguka. Michael Cargill, askari mstaafu mwenye duka la bunduki mjini Austin, alikuwa amesalimisha vitako vyake viwili kwa ATF mwaka 2019 huku akipinga, kisha akafungua kesi. Alishindwa mbele ya jaji wa kwanza, akashindwa tena mbele ya jopo la rufaa, kisha Januari 2023 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tano ikakaa na majaji wake wote na kumpa ushindi, 13 kwa 3. Jaji Jennifer Elrod alieleza kwamba sheria haikigusi kifaa hiki, na hata ingekuwa na utata, sheria ya jinai yenye utata humpa nafuu mshtakiwa. Serikali ya Joe Biden, iliyorithi kanuni ya Trump na kuitetea hadi mwisho, ikaenda Mahakama ya Juu.

Jibu la Thomas, pamoja na michoro yake, lilikuwa la kifundi: kila risasi inahitaji kifyatulio kiachiwe na kivutwe upya, kitako kinaharakisha tendo, hakiligeuzi matendo mengi kuwa moja. Na kwa kuwa mpigaji lazima aendelee kusukuma bunduki mbele, silaha haifyatui yenyewe. Jaji Sonia Sotomayor alisoma kwa sauti mahakamani muhtasari wa maoni ya majaji watatu waliopinga, jambo linalofanywa pale tu jaji anapotaka hasira yake isikike. Alisema akiona ndege anayetembea kama bata, anayeogelea kama bata na kulia kama bata, yeye humwita bata. Kwake, mwenye bunduki ile anavuta mara moja na kusukuma, na risasi zinafuatana hadi ziishe. Hicho ndicho Bunge la 1934 lilichokiogopa.

Maandishi yaliyonigusa zaidi ni aya chache za Jaji Samuel Alito, aliyekubaliana na Thomas. Alisema hana shaka kwamba Bunge la 1968 lisingeona tofauti kati ya rashasha na bunduki yenye kitako hicho, na kwamba Las Vegas imeonyesha hivyo. Dawa ni Bunge kubadili sheria, na huenda lingekwisha kufanya hivyo kama ATF ingeshikilia msimamo wake wa zamani. Maana yake ni kwamba kanuni ile, iliyotangazwa kama ushindi, ilichukua nafasi ya sheria ambayo ingedumu. Feinstein aliliona hilo miaka sita kabla. Alifariki Septemba 2023, karibu miezi tisa kabla ya hukumu.

Wiki mbili baada ya hukumu hiyo, Juni 28, 2024, Mahakama ya Juu ilizika fundisho la Chevron lenyewe, katika kesi ya wavuvi wa samaki aina ya heringi. Na siku moja kabla ya hukumu ya Cargill, jaji wa Texas alikuwa amefuta kanuni nyingine ya ATF iliyohusu mikanda ya mkononi ya bastola, vifaa vilivyobuniwa kumsaidia askari mlemavu na ambavyo idara ilikuwa imeviruhusu tangu 2012. Huko kosa lilikuwa la utaratibu hasa. Rasimu ya 2021 ilikuwa na jedwali la alama, wananchi wakatoa maoni juu ya jedwali. Kanuni ya 2023 ikalitupa jedwali na kuleta vipimo vingine ambavyo hakuna aliyeulizwa. Mahakama ya rufaa ilisema serikali haiwezi kuuliza swali moja na kutunga jibu la jingine.

Asidhani mtu kwamba Mahakama ya Juu inafuta kila kanuni ya silaha. Machi 26, 2025, kwa kura 7 kwa 2, iliidhinisha kanuni ya 2022 kuhusu bunduki zisizo na namba, zile zinazouzwa vipande vipande na kuunganishwa nyumbani. Polisi walizipeleka kufuatiliwa kama 1,600 mwaka 2017. Mwaka 2021 zilizidi 19,000. Aliyeandika hukumu ni Gorsuch yuleyule. Safari hii maneno ya Bunge yalitosha: sheria ya 1968 inataja wazi silaha inayoweza kugeuzwa kwa urahisi ikafyatua risasi, na kifurushi chenye vipande vyote kinaingia humo. Jaji hakuwa amebadilika. Bunge lilikuwa limeandika.

Kuhusu vitako, Bunge lilipata nafasi yake siku nne tu baada ya hukumu ya Cargill. Juni 18, 2024 Seneta Martin Heinrich wa New Mexico, yeye mwenyewe mwindaji, alisimama na muswada wa kuvikataza kwa sheria na kuomba upite bila pingamizi. Seneta Pete Ricketts wa Nebraska akapinga, na kwa utaratibu ule pingamizi la mtu mmoja linatosha. Bunge lile lilimaliza muda wake Januari 2025 bila muswada huo kupigiwa kura. Majimbo kadhaa yana sheria zao wenyewe dhidi ya kitako hicho, na hizo hukumu ya Washington haikuzigusa, kwa sababu zilitungwa na mabunge.